Pizza Haikuzaliwa kwa Wadosi

Wasee, kuna kitu imekuwa ikinisumbua tangu Desemba. Nilimpeleka mathe Malindi kwa pesa ya kontenti, likizo yake ya kwanza maishani. Nilitaka aone kwamba kuacha chuo mwaka wa pili hakukunimaliza. Usiku wa kwanza tukaingia hoteli moja ya ufuoni, vitambaa vyeupe mezani, pizza 1,900. Ikaja katikati imepoa, jibini inavutika kama raba. Mathe akala polepole mpaka mwisho, akaniambia, "Ni sawa mwanangu. Chakula cha watu wakubwa ndivyo kilivyo."

Hayo maneno yaliniuma kuliko bei. Kwa sababu pizza haikuanza kama chakula cha watu wakubwa.

Turudi Napoli, kusini mwa Italia, karne ya 18 na 19. Mji umejaa wavuvi, wachukuzi na vibarua, familia nzima chumba kimoja, jiko la maana hakuna. Pizza ilikuwa mkate bapa wenye mafuta na kitunguu saumu, unauzwa barabarani, unaliwa ukiwa umesimama. Nyanya zilitoka Amerika, na Wazungu wengi walikaa muda mrefu wakiziogopa, wakidhani zina sumu. Maskini wa Napoli wao wakazipaka juu ya mkate wakala.

Hata baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, kina mama wa Napoli walikuwa wanakaanga pizza milangoni mwao. Ulikuwa unakula leo, unalipa baada ya siku nane. Sophia Loren aliigiza muuzaji kama huyo kwenye filamu ya 1954, L'oro di Napoli. Sasa niambie, huyo ana tofauti gani na mama wa kibanda mwenye kitabu cha madeni?

Najua mtaniletea hadithi ya Margherita. Ati mwaka 1889 Raffaele Esposito alimpikia malkia wa Italia pizza ya nyanya, jibini na rehani, nyekundu, nyeupe na kijani kama bendera. Hadithi tamu, lakini wanahistoria wanaitilia shaka, na watu wa Napoli walikuwa tayari wanakula pizza ya jibini na rehani miaka mingi kabla. Ona tu vile tunapenda kufanya: chakula cha maskini hakihesabiki mpaka malkia akionje.

Halafu maskini hao wakahama, na kila walikofika wakapika na kile walichokuta. New York waliwasha tanuri za makaa ya mawe. Duka la Lombardi's lilianza kuuza pizza mwaka 1905. Vipande vikawa vikubwa, unakunja katikati unakula ukitembea kuelekea kazini. Detroit, mji wa viwanda vya magari, Buddy's walianza mwaka 1946 kuoka kwenye trei za chuma zilizokuwa zinabebea vipuri vidogo kiwandani. Ndiyo maana pizza ya Detroit ina pembe nne na kingo za jibini iliyokauka mpaka inalia ukiitafuna. Chicago nao, mwaka 1943 pale Pizzeria Uno, wakatoa ile nene ya kina kirefu, unaila kwa uma na kisu. Roma wanaikata kwa mkasi na kuipima kwa mizani, unalipia uzito.

Kwa hivyo mkibishana ni gani "pizza halisi," mnapoteza wakati. Zote ni halisi mahali zilipozaliwa. Ukisafiri, angalia mambo mawili tu. La kwanza ni tanuri. Ya Napoli inaiva kwa sekunde 60 hadi 90 kwenye moto mkali wa kuni, ya Chicago inaweza kuchukua zaidi ya nusu saa. Mahali panapokuuzia zote kutoka oveni moja, jiulize. La pili, angalia nani anakula hapo. Wakiwa watalii peke yao, toka.

Na Malindi pizza ina historia yake. Miaka ya 1960 Waitaliano wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio walijenga kituo cha kurusha roketi baharini karibu na Ngomeni. Aprili 1967 wakarusha setilaiti yao ya San Marco 2. Tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa kutoka hapo setilaiti ya Marekani iliyoitwa Uhuru, kwa sababu ilikuwa sikukuu yetu. Waitaliano wengine wakaja wakajenga nyumba na mahoteli, na vijana wa Malindi wakajifunza lugha yao na mapishi yao jikoni.

Siku ya pili nikamuuliza dereva wa tuktuk, yeye hula pizza wapi akipata pesa. Akacheka, akamwamkia mathe, "Shikamoo mama," akatupeleka mbali na ufuo. Mahali padogo, viti vya plastiki, tanuri la kuni, na mpishi wa hapo hapo Malindi aliyefundishwa na Muitaliano. Pizza 700. Ilitoka kabla soda hazijafunguliwa, kingo zina madoa meusi ya moto.

Mathe hakukaa kitini. Alienda kusimama karibu na yule kijana, akamuuliza unga ameuacha uumuke kwa muda gani. Usiku kucha, akajibiwa. Mathe amekaanga mandazi alfajiri miaka kumi na nne, na karo ya chuo nilichoacha ilitoka kwa hayo mandazi. Akarudi mezani, akashika kipande kwa mkono.

"Kumbe hii ni kazi ninayoijua," akasema.

Ndiyo, mathe. Imekuwa kazi ya watu kama wewe tangu mwanzo.