Saa ya Kuzaa Inatoka kwa Nani?

Tangu kale watu wanauliza: uchungu wa kuzaa ukianza, ni nani aliyeuanzisha, mama ao mtoto? Vitabu vya Wayunani vyenye jina la Hippocrates vinajibu: ni mtoto. Chakula kikimpungukia tumboni, anajinyosha, anapasua ngozi, anatoka. Siku zile hapakuwa na njia ya kulipima jibu hilo.

Mwaka 1774 William Hunter, mganga wa London, alitoa kitabu chenye picha za tumbo la mwenye mimba. Yeye na ndugu yake John walionyesha kwamba damu ya mama na ya mtoto hazichanganyiki. Katikati yao kuna kondo, kama bawabu mlangoni: linapitisha chakula na kurudisha uchafu.

Lakini bawabu huyu anatuma wajumbe pia. Wajumbe hao wa damuni, Starling aliwaita homoni mwaka 1905. Yapata juma la 7 mpaka la 9, kondo linashika kazi ya kutengeneza projesteroni, inayotuliza tumbo lisisukume mbele ya wakati. Linatengeneza na estrojeni, lakini si peke yake: vitu vya kuanzia vinatoka katika tezi zilizo juu ya figo za mama na za mtoto.

Katika miaka ya 1960 Graham Liggins wa Auckland, New Zealand, alichunguza kondoo. Akaona kwamba homoni ya tezi za mtoto wa kondoo ndiyo inayoanzisha uchungu. Tena, watoto wa kondoo waliozaliwa mapema mno kwa dawa ya namna ile walipumua, nao walipaswa kufa. Mwaka 1972 yeye na Ross Howie walitangaza kwamba dawa hiyo, akipewa mama anayekaribia kuzaa mapema, inaokoa watoto.

Kwa binadamu mambo ni mengine kidogo. Projesteroni inabaki juu mpaka kondo litoke; hapo inashuka upesi, na maziwa yanaanza kujaa. Kipande kikibaki ndani, maziwa yanaweza kukawia, na damu inaweza kumwagika hata kumwua mama.

Sisi akina baba tunaongoja nje, tukisikia mtoto analia tunasema: Imekwisha. Haijaisha. Tumwache mzalishaji alitazame kondo polepole, aone kama ni zima. Kisha tushangilie.