Nuru ya Mlangoni: Picha za Ndani ya Nyumba za Unyakyusa

Joseph Thomson alipofika ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1879 alikuwa kijana wa miaka 21. Uongozi wa safari ulimwangukia kwa msiba, maana mkubwa wake, Keith Johnston, alifariki Behobeho mwezi wa Juni mwaka ule ule. Miaka miwili kabla yake alipita James Frederic Elton, balozi wa Uingereza huko Msumbiji, naye hakuuona mwisho wa safari yake. Vitabu vya watu hawa wawili vilitoka London, cha Elton mwaka 1879 na cha Thomson mwaka 1881, na vyote viwili vyaisifu nchi ya Wanyakyusa: migomba iliyopangwa, viwanja vilivyofagiwa, na nyumba za mianzi zilizojengwa kwa ustadi, vipande vya udongo vikijazwa baina ya mwanzi na mwanzi.

Hizo ni sifa za mtu aliyesimama uani. Ndani ya nyumba habari ilikuwa nyingine. Nyumba ya duara ya uwanda ule, tangu Mbugani hata pwani ya ziwa, haikuwa na dirisha. Nuru iliingia kwa mlango, ikaanguka sakafuni, na kutoka hapo ikarudi juu hafifu ikigusa mianzi na upande wa chini wa paa. Mgeni aliyetoka juani aliingia gizani akawa kama kipofu. Mwenyeji hakuona giza; aliona mahali pa moto, pa kulala na pa chungu, kila kitu kwa kiasi chake cha nuru. Tofauti hii ya macho mawili ndiyo asili ya taabu yote ya kuchora nyumba kwa ndani.

Picha nyingi za vitabu vya safari vya karne ile zilichongwa Ulaya na mafundi ambao hawakupata kuvuka bahari, wakifuata michoro ya haraka ya msafiri. Fundi alijua kanuni ya kupunguza vitu kadiri ya umbali, ile aliyoiandika Leon Battista Alberti mwaka 1435, na kwa kanuni hiyo aliweza kusimamisha chumba chochote. Lakini kanuni ya umbali hueleza ukuta uko wapi. Haielezi ukuta unaonekanaje saa kumi jioni. Wachoraji wa Uholanzi walilijua jambo hili mapema. Pieter de Hooch, aliyechora Delft katika miaka ya 1650, alipenda kuacha mlango wazi nyuma ya chumba, na mtazamaji hukiamini chumba kile kwa sababu ya nuru inayoteleza sakafuni kuliko kwa usawa wa mistari.

Ikaja kamera. Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la Wajerumani, alikusanya habari na picha nyingi za nchi ya Nyasa na Ruvuma, na kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1906. Kwa mapaa, kuta na watu waliosimama nje, ushahidi wa namna hiyo hauna mshindani. Walakini bamba la kioo la siku zile lilitaka nuru nyingi, na ndani ya nyumba haikuwapo. Dawa yake ilikuwa unga wa magnesi uliowashwa kwa kishindo, uliobuniwa Ujerumani mwaka 1887. Dawa hiyo iliponya ugonjwa ikamwua mgonjwa. Nuru ya unga hutoka upande wa mpiga picha. Huufuta mwanga wa mlangoni, hulitia weupe lile lililokuwa la kivuli, na nyumba iliyokuwa kimbilio la jua na mvua huonekana kama ghala lililovamiwa na polisi.

Waliokaribia zaidi hawakutumia picha. Godfrey Wilson alianza utafiti Unyakyusa mwaka 1934, mkewe Monica akamfuata mwaka 1935, wakadumu hata mwaka 1938; kitabu cha Monica juu ya vijiji vya marika kilitoka mwaka 1951. Humo msomaji anajifunza kwamba ng'ombe walilala ndani ya nyumba pamoja na watu, na kwamba wavulana walihama kwa wazazi wao wakajenga vibanda vyao pembeni, huku wakirudi kwa mama zao kula. Habari hizi mbili zaeleza nyumba kuliko ramani yake. Pumzi ya ng'ombe, joto lao, kelele za kwato usiku. Mlango unaopitwa na kundi la wavulana wenye njaa: nani atachora chumba hicho kitupu, kimefagiwa, akasema amechora nyumba ya Mnyakyusa?

Hata hivyo kitupu ndicho kinachochorwa mara nyingi siku hizi, kwa kompyuta. Mashine hiyo imeishinda kamera katika jambo moja kubwa. Mwaka 1980 Turner Whitted alionyesha jinsi ya kufuata mshale wa nuru unaporudishwa na kioo au kupenya maji. Mwaka 1984 watu wa Chuo Kikuu cha Cornell walichukua hesabu za wataalamu wa joto wakazitumia kwa nuru inayorudishwa na ukuta mmoja hata mwingine. Na mwaka 1986 James Kajiya akayakusanya yote katika mlinganyo mmoja. Nuru ya mlango wa Kyela, ile inayoanguka sakafuni na kupanda mianzini, sasa yahesabika. Lililomshinda fundi wa London na mpiga picha wa magnesi linafanywa na mwanafunzi mezani pake.

Haja ya kazi hiyo ni kubwa, kwa kuwa matofali ya kuchoma na bati vimechukua mahali pa mianzi na nyasi, na huenda picha ya mashine ikawa ndiyo nyumba pekee atakayoiona mjukuu. Lakini mchoraji akiisha kupata mlinganyo huzidisha nuru, kwa kuogopa kwamba mteja hataona kitu, hulinyoosha kila pembe, husahau masizi. Paa lililofukizwa moshi miaka mingi ni jeusi linalong'aa kidogo, na weusi huo humeza nuru. Paa likichorwa rangi ya nyasi mpya, hesabu zote za chumba zimeharibika kabla hazijaanza. Mhimili wa mlango una mahali palipolainika kwa viganja. Jicho nalo huwekwa kwa kimo cha mtu aliyesimama, ilhali ndani ya nyumba ile watu walikaa chini, karibu na moto. Na kwa aliyekaa, mlango ni mrefu zaidi, paa liko mbali, na anayeingia huonekana kwanza miguu, kisha kivuli chake, uso mwishoni.

Kuhusu ng'ombe, mlinganyo wa Kajiya hauna neno. Sharti mtu awaingize.