Simbiosisi Haitoshi Kuitwa Kutegemeana

Mwaka 1879 mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Anton de Bary, alichapisha kijitabu kilicholipa jina jambo ambalo wafugaji na warina asali walikuwa wakiliona tangu zamani. Aliliita Symbiose, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "pamoja" na "maisha". Maana aliyoikusudia ilikuwa pana: viumbe wa aina tofauti kuishi pamoja. Hakuweka sharti kwamba wote wafaidike. Hata vimelea aliwahesabu humo.

Kwa Kiswahili wapo wanaotohoa na kuandika simbiosisi, na wapo wanaochagua kutegemeana. Neno hili la pili linavutia, na mwanafunzi hulielewa papo hapo. Tatizo limo katika kiambishi -an-. Wanaotegemeana, kila mmoja anamhitaji mwenzake. Kupe na ng'ombe je? Hakuna mfugaji atakayekubali kwamba ng'ombe wake anamtegemea kupe.

Ndege aitwaye mlembe anaonyesha vizuri kwa nini upana wa istilahi hii ni muhimu. Mlembe anapenda nta na majana ya nyuki, ila hawezi kuubomoa mzinga uliomo ndani ya mti. Binadamu ana shoka na moshi. Basi ndege hulia, huruka kutoka mti hadi mti, na mrina humfuata mpaka kwenye nyuki. Mtu huchukua asali, ndege hubakiziwa masega. Katika pori la Niassa, Msumbiji, Wayao humwita mlembe kwa mlio maalumu. Mtafiti Claire Spottiswoode na wenzake waliripoti mwaka 2016 kwamba mlio huo ulipandisha uwezekano wa kuongozwa na mlembe kutoka takriban asilimia 33 hadi 66. Wahadza wa kando ya Ziwa Eyasi, Tanzania, wana mluzi wao, na utafiti uliotolewa mwaka 2023 ulionyesha kwamba walembe wa huko huuitikia zaidi mluzi huo kuliko mlio wa Wayao. Na ndege huyu hafugwi wala hafunzwi na mtu!

Hapo neno kufaana linakaa sawasawa. Lakini mlembe huyohuyo hutaga mayai katika viota vya ndege wengine, wakiwemo keremkerem. Kifaranga wake huanguliwa akiwa na ndoano kali kwenye mdomo, na kwa ndoano hiyo huwadunga makinda wa mwenye kiota mpaka wafe, kisha hulelewa peke yake. Kwa mrina asali ni mshirika. Kwa keremkerem ni kimelea.

Ndege aitwaye askari wa kifaru naye ana sura mbili. Hula kupe walioko mwilini mwa vifaru, nyati na ng'ombe, lakini pia hudonoa vidonda na kunywa damu, kiasi kwamba kidonda huchelewa kufunga.

Kwa hiyo simbiosisi ibaki kuwa jina la jumla, na ndani yake Kiswahili kiweke maneno yake chini ya kila tawi. Kufaana ni kwa mlembe na mrina, au kwa kunde na bakteria wa vinundu vya mizizi, ambao huupa mmea naitrojeni nao wakapewa sukari. Umelea ni kwa kupe. Kitenzi kumelea, yaani kumea juu ya kingine, tayari kinaeleza kila kitu. Na yangeyange anayefuata ng'ombe malishoni akidaka panzi wanaoshtuliwa na kwato? Ng'ombe hapati wala hapotezi. Kudoea kungefaa, ingawa kuna harufu ya lawama ambayo yangeyange hastahili.

Waandishi wa vitabu vya sayansi, wanapofasili simbiosisi kuwa kutegemeana, wanamfundisha mtoto tawi moja na kumficha mengine. Toleo lijalo la vitabu hivyo lirekebishe fasili hiyo.