Funza wa puani, adui wa kondoo na mbuzi Ukambani

Kondoo anapopiga chafya mfululizo, akatokwa na kamasi nzito na kuyakataa malisho, ni rahisi kwa mfugaji wa Kitui au Makueni kudhani kuwa ameshikwa na homa ya mapafu. Huenda chanzo ni funza aliyemo kichwani mwa mnyama, aliyeletwa na nzi wa kijivu ambaye wataalamu humwita Oestrus ovis.

Nzi huyu hatagi mayai. Jike huwaangua funza tumboni mwake, kisha hupita kwa kasi mbele ya uso wa mnyama na kuwamwaga puani wakiwa hai, kila mmoja akiwa na urefu wa milimita 1 hivi. Mwenyewe hali chochote maisha yake yote. Kondoo humtambua upesi. Jua linapokuwa kali, kundi husongamana kivulini, huyu ameficha pua katika manyoya ya mwenzake, yule ameiinamisha hadi mchangani, miguu ikikanyaga ardhi. Saa hizo hawalishi, na mnyama ambaye angeuzwa kulipa karo huzidi kukonda. Mbuzi nao hushambuliwa, ingawa kwa kawaida si sana kama kondoo.

Funza hupanda polepole hadi kwenye mianya ya mifupa ya paji la uso, akijishikiza kwa kulabu mbili za mdomoni. Akikomaa hufikia milimita 20 hadi 30. Hapo hushuka, hutolewa kwa chafya, hujichimbia udongoni na baada ya wiki kadhaa hutoka akiwa nzi. Wapenzi wa supu ya kichwa huenda wamekutana naye wakipasua fuvu.

Mnyama aliyevamiwa sana huweza kuyumbayumba, na hapo huchanganywa na yule mwenye kizunguzungu kitokanacho na tegu wa mbwa. Huyo wa tegu huzunguka-zunguka pasipo kamasi nyingi, na kichwa chake kisitupiwe mbwa kamwe.

Kosa la gharama kubwa ni la dawa. Albendazole, inayonunuliwa sana kwa ajili ya minyoo ya tumbo, haimwui funza huyu. Ivermectin humwua, na closantel pia, lakini closantel ikizidishwa huweza kumpofusha mbuzi. Kukisia uzito kwa macho ni hatari. Muda wa kusubiri kabla ya kuchinja au kukama maziwa umeandikwa kwenye chupa, nao haupunguzwi kwa sababu mnunuzi amefika.

Wanyamapori wana nzi wa jamii hiyo. Gedoelstia, mwenyeji wa nyumbu na kongoni, huweka funza jichoni. Kongoni huwastahimili, ilhali kondoo huvimba jicho hata likatokeza nje. Huko magharibi mwa Marekani mambo yanafanana: mnyoo Elaeophora schneideri, anayeenezwa na pange, huishi katika mishipa ya damu ya aina moja ya kulungu bila kumdhuru, lakini kondoo hupata vidonda vya kichwa.

Mchungaji naye hasalimiki. Mara nyingine nzi wa kondoo humkosea na kumwaga funza jichoni mwake. Jicho huwasha na kuwa jekundu kana kwamba limeingia mchanga. Funza hao hawakui ndani ya binadamu, lakini hawatoki kwa kusugua. Huondolewa na mhudumu wa afya kwa kibanio, baada ya jicho kutiwa dawa ya ganzi.