Kuoa, au Kufunga Ndoa?

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kumweleza mwanamume mwenye wanawake zaidi ya mmoja. Tuna mitala na ukewenza, mke mkubwa na mke mdogo, na kwa mambo ya pembeni tuna kimada, hawara na nyumba ndogo. Lakini mtafsiri wa sheria akifika kwenye kosa la mtu aliye ndani ya ndoa ya mke mmoja kisha akaenda kufunga nyingine, kalamu inasita. Mitala haifai, maana mitala si jinai: Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inaitambua, na ile ya Kenya ya 2014 vilevile. Basi kosa lenyewe tunalizunguka kwa sentensi nzima.

Na ndani ya sentensi hiyo, mgogoro wote umejificha kwenye kitenzi kimoja: kuoa. Mwendesha mashtaka anasema, “Ana mke, na ameoa tena.” Mshtakiwa anajibu, “Ndoa hiyo ya pili ni batili, kwa hiyo sikuoa.” Nani mkweli?

Swali hilo lilifika mbele ya majaji wa Uingereza mwaka 1872, katika kesi ya Allen. Sheria ya 1861 ilimtia hatiani yeyote ambaye, akiwa ameoa, anaoa tena mwenzi wake wa kwanza akiwa hai. Allen alikuwa na mke, naye akafunga ndoa na binti wa ndugu wa mkewe wa zamani, aliyekwisha kufariki. Kwa sheria ya wakati ule binti huyo alikuwa maharimu wake. Ndoa isingesihi hata kama Allen angekuwa mjane. Utetezi ukashika hapo hapo: kitu kisichosihi si ndoa, na pasipo ndoa hakuna kuoa.

Majaji waliona mtego. Ikiwa kuoa ni lazima kuzae ndoa halali, basi hakuna atakayefungwa kamwe, kwa sababu kila ndoa inayofungwa juu ya ndoa hai ni batili tangu mwanzo. Wakaamua kwamba kitenzi hicho, kilichotajwa mara mbili katika sentensi moja, kina maana mbili. Cha kwanza ni hali: kuwa na mke. Cha pili ni tendo: kupitia taratibu za kufunga ndoa, hata kama kilichofungwa hakishiki.

India ilipita njia nyingine. Kifungu cha 494 cha Kanuni yake ya Adhabu kilitaka ndoa ya pili iwe batili kwa sababu ya mwenzi wa kwanza kuwa hai. Mwaka 1965 Mahakama ya Juu ilisikiliza rufaa ya Lokhande, aliyetiwa hatiani kwa kuoa tena. Mashahidi walieleza usiku wa arusi ya pili: nazi na tambuu juu ya chungu, bibi na bwana wakivishana mashada ya maua, kisha vipaji vya nyuso vikagusanishwa. Moto mtakatifu haukutajwa, wala saptapadi, zile hatua saba za maarusi mbele ya moto ambazo, palipo na mila hiyo, ya saba ndiyo inayokamilisha ndoa. Wala haikuthibitishwa kwamba desturi ya jamaa zao iliruhusu kuziacha. Mahakama ikasema kwamba pasipo taratibu hizo hakuna kuoa, na Lokhande akaachiwa. Kumbe mjanja akitaka kuoa mara mbili, aruke hatua moja tu.

Kenya haikutumia kuoa. Kifungu cha 171 cha Kanuni yake ya Adhabu, chenye kifungo cha hadi miaka 5, kinazungumzia kupitia ile shughuli ya ndoa, nacho kinaongeza kwamba ndoa iwe batili kwa sababu mwenzi wa kwanza yu hai. Sasa hiyo shughuli tuiiteje? Ukiandika sherehe, unampeleka mpelelezi kutafuta pilau na kundi la taarabu. Akdi inagusa kiini chenyewe, ijabu na kabuli mbele ya mashahidi, ila haiingii kanisani wala kwa mkuu wa wilaya.

Mimi naona Kiswahili tayari kina jibu ambalo Kiingereza kililazimika kulitafuta mahakamani. Kuoa ni matokeo. Kufunga ndoa ni kazi ya mikono. Mtu hufunga fundo likafumka, na bado alifunga. Sheria iandikwe “kufunga ndoa juu ya ndoa”, na jina la kosa liwe hilo hilo.

Faida yake anaijua mke mkubwa. Pale sheria inaposhikilia kuoa, yeye ambaye hakualikwa arusini ndiye anayepanda kizimbani kuapa kwamba arusi ya mwenzake ilikamilika, moto uliwaka, hatua zilitimia saba. Na mumewe, aliyeitika ndiyo mbele ya wageni, ndiye anayeapa kwamba haikuwa kitu.