Mwaka Mmoja Chini ya Jicho la Msimamizi

Kila mara chuo kikuu kimojawapo katika ukanda wetu kinapopatwa na msiba wa mwanafunzi aliyejitoa uhai, huzuka mjadala wa wiki mbili hivi. Wazazi hukilaumu chuo, chuo hulaumu mapenzi na mikopo, na mwishowe hutolewa tamko kwamba waajiriwe washauri nasaha zaidi. Tamko hilo silipingi. Ila kuna swali ambalo sijalisikia likiulizwa: huyo mshauri atakayeajiriwa atakuwa amejifunzia wapi kuketi na kijana anayetaka kufa, na ni nani aliyekuwa akimsimamia siku ya kwanza alipofanya hivyo?

Wamarekani walilijibu swali hilo kwa mwaka mzima wa utarajali. Mwanafunzi wa uzamivu katika saikolojia tiba au saikolojia ya ushauri nasaha, hata awe amefaulu mitihani yote na tasnifu yake imekamilika, hapati shahada mpaka atumikie mwaka mmoja, aghalabu saa 2,000 hivi, chini ya wanasaikolojia wenye leseni. Baadhi yao huutumikia hospitalini. Wengine, nao ni wengi, huutumikia katika vituo vya ushauri nasaha vya vyuo vikuu, wakiwahudumia vijana waliowazidi umri kwa miaka michache tu. Ninatumia neno utarajali kwa makusudi, kwa kuwa ndilo tunalowaitia madaktari wetu wapya, na walioubuni mwaka huu walikuwa na mfano wa udaktari vichwani mwao.

Chimbuko lake la mbali nitalipita haraka. Lightner Witmer alifungua kliniki ya saikolojia katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1896. Mwaka 1908 shule ya Vineland, huko New Jersey, iliyowalea watoto wenye ulemavu wa akili, ilianza kupokea wanafunzi wa saikolojia waje kujifunza kazi papo hapo, na hao ndio huhesabiwa kuwa watarajali wa kwanza. Walikuwa wachache, na kazi yao kubwa ilikuwa kupima uwezo wa watoto. Kwa miaka thelathini na ushei iliyofuata mwanasaikolojia wa Marekani alibaki kuwa mtu wa maabara na vipimo. Tiba ilikuwa milki ya daktari, naye daktari aliilinda milki yake.

Vita vya Pili vya Dunia vilibomoa ukuta huo. Askari walirejea makwao kwa mamilioni, na wengi hawakurejea wakiwa na akili zilezile walizoondoka nazo. Katika hospitali za idara ya serikali inayowahudumia askari wastaafu, zaidi ya nusu ya waliolazwa walikuwa na maradhi ya akili na ya mishipa ya fahamu. Madaktari wa akili hawakutosha hata kidogo. Hivyo mwaka 1946 idara hiyo ilianzisha mpango wa kuwalipa wanafunzi wa uzamivu wa saikolojia wafanye kazi katika hospitali zake huku wakisoma, ikianza na wanafunzi wapatao 200 katika vyuo vikuu 22. Mwaka huohuo Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya taifa ya afya ya akili, ambayo mwaka 1949 ilizaa taasisi ya taifa ya utafiti na mafunzo katika fani hiyo.

Pesa zilipopatikana, ikabidi pawe na mtaala. Kazi hiyo ilimwangukia David Shakow, mwanasaikolojia aliyekuwa amewafunza watarajali kwa miaka mingi katika hospitali ya akili ya Worcester, Massachusetts. Ripoti ya kamati yake ya mwaka 1947 ilipendekeza masomo ya miaka minne, na mwaka wa tatu uwe wa utarajali. Agosti 1949 watu wapatao sabini walikutana mjini Boulder, Colorado, kwa majuma mawili, wakakubaliana kwamba mwanasaikolojia tiba awe mtafiti na mtendaji kwa pamoja, na kwamba hapana shahada bila utarajali. Vitabu vya historia ya fani hii huisifu Boulder kwa falsafa yake. Mimi naisoma kwanza kama habari ya hazina ya serikali: mkutano wenyewe uligharimiwa na serikali, na makubaliano yake yalidumu kwa sababu kulikuwa na mlipaji aliyekuwa na deni kwa askari wake. Makongamano mangapi ya elimu tumeyafanya sisi, yenye maazimio mazuri kuliko yale, tukayafungia kabatini kwa kukosa fungu?

Hayo yalikuwa ya hospitali. Chuoni mambo yalikwenda kwa njia nyingine, na hapo ndipo historia hii inaponivutia zaidi.

Katika Chuo Kikuu cha Minnesota ofisi ya vipimo vya wanafunzi ilikuwapo tangu 1932. Kiongozi wake, E. G. Williamson, aliamini kwamba mshauri ni mtaalamu anayempima kijana, anayasoma matokeo, kisha anamwelekeza: wewe unafaa uhandisi, wewe achana na udaktari. Ni ushauri ambao mzazi yeyote wa Kiafrika angeutambua. Tarehe 11 Desemba 1940 alialikwa hapohapo Minnesota profesa kutoka Ohio, Carl Rogers, akatoa hotuba iliyopinga desturi nzima ya kumpa mtu maelekezo. Mwenyewe baadaye aliihesabu siku hiyo kuwa siku ya kuzaliwa kwa mtindo wake, ule unaomweka mteja mbele na kumtaka mshauri asikilize kuliko kusema.

Lakini mchango wa Rogers ninaotaka kuutaja hapa ni wa kiufundi. Huko Ohio, yeye na wanafunzi wake walianza kurekodi mazungumzo ya ushauri kwenye sahani za santuri. Kila sahani ilibeba dakika chache tu, kwa hiyo mashine mbili zilipokezana. Kitabu chake cha mwaka 1942 kilichapisha maneno ya mikutano yote ya mteja mmoja, mwanzo hadi mwisho, tena kwa jina la kubuni. Kabla ya hapo mwanafunzi wa tiba alijifunza kwa kusimulia: alirudi kwa mwalimu wake akaeleza alichokumbuka, na kila mmoja wetu anajua jinsi kumbukumbu inavyompendelea mwenyewe. Santuri haikumpendelea mtu. Mwanafunzi aliyedhani amesikiliza kwa saa nzima alijisikia mwenyewe akimkatiza mteja kila baada ya sentensi mbili. Mwaka 1945 Rogers alihamia Chicago, akaanzisha kituo cha ushauri nasaha cha chuo kikuu, na humo wanafunzi wa uzamivu walifanya kazi bega kwa bega na walimu wao mpaka alipoondoka mwaka 1957. Kamera inayowekwa leo katika chumba cha mtarajali, popote Marekani, ni mjukuu wa sahani zile.

Hata jina la kazi lilikuwa na siasa yake. Madaktari wa akili walishikilia kwamba tiba ya maongezi ni tiba, na asiye daktari asiiguse. Kuiita ushauri kuliwapa wanasaikolojia wa vyuoni mahali pa kujificha. Nalitaja hili kwa kuwa sisi tumelirithi neno ushauri nasaha kana kwamba maana yake ni kutoa nasaha, ilhali Rogers alilitumia kwa kazi iliyokuwa karibu kinyume chake.

Wakati huo vyuo vilikuwa vimefurika. Sheria ya mwaka 1944 iliwalipia askari wastaafu karo, na kufikia 1947 karibu nusu ya wanafunzi wa vyuo vya Marekani walikuwa askari wa zamani. Serikali iliingia mikataba na vyuo ili viwe na vituo vya kuwaelekeza. Mikataba ilipokwisha, vituo vingi havikufungwa, vyuo vilivirithi. Mwaka 1951, katika mkutano uliofanyika Chuo Kikuu cha Northwestern, saikolojia ya ushauri nasaha ilipata viwango vyake vya mafunzo, nayo ikataka utarajali kama dada yake wa hospitalini. Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani kilianza kuvipa ithibati vituo vya utarajali mwaka 1956, na mwaka 1968 vituo hivyo vikaunda jumuiya yao, ijulikanayo leo kwa kifupi kama APPIC.

Kisha ikatokea Berkeley. Katika kiangazi cha mwaka 1969 mwanafunzi aliyekuwa akihudumiwa na mwanasaikolojia wa hospitali ya Chuo Kikuu cha California alimweleza kwamba anakusudia kumwua msichana mmoja. Mwanasaikolojia aliwaandikia polisi wa chuo. Polisi walimshika kijana, wakamwona ana akili timamu, wakamwachia. Mkuu wa idara, daktari wa akili, akaagiza barua irudishwe na kumbukumbu ziharibiwe. Msichana, Tatiana Tarasoff, alikuwa nje ya nchi. Aliporudi hakuna aliyemwambia, wala wazazi wake hawakuambiwa. Aliuawa tarehe 27 Oktoba 1969. Mahakama Kuu ya California iliamua kesi ya wazazi wake mara mbili, 1974 na 1976, na uamuzi wa pili ukaweka msingi kwamba mtaalamu anayejua au aliyepaswa kujua hatari ana wajibu wa kuchukua hatua za kumlinda anayetishiwa. Siri ya mteja ikawa na ukomo.

Watu huieleza kesi hii kama kesi ya siri. Mimi kila nikiisoma naona pia kesi ya usimamizi. Aliyekaa na mteja aliona hatari. Aliyemzidi cheo, kwa agizo moja, aliifuta. Mtarajali wa leo hufundishwa mapema kabisa mipaka ya siri, na mteja wake huambiwa tangu mwanzo kwamba anayemhudumia bado yupo mafunzoni na kwamba yupo msimamizi anayewajibika. Kanuni za APPIC zinataka angalau saa mbili kila wiki za usimamizi wa ana kwa ana, wasimamizi wasiopungua wawili, na watarajali wasiopungua wawili katika kila kituo ili asiwepo wa kuwa peke yake. Ni kanuni kavu za kiofisi. Mtu akizisoma na Berkeley kichwani, haoni ukavu.

Mfumo huu una aibu yake pia. Mwaka 1973, katika mkutano mwingine huko Colorado, safari hii mjini Vail, iliridhiwa shahada ya udaktari inayoegemea utendaji kuliko utafiti. Zikaongezeka shule za taaluma hiyo, nyingine zikitegemea karo peke yake, na shule inayoishi kwa karo haina sababu ya kupunguza udahili. Nafasi za utarajali hazikuongezeka kwa kasi hiyo, maana kituo hakivuni karo; kinalipa posho. Hadi miaka ya 1990 nafasi ziligawiwa kwa simu katika siku moja ya Februari, waombaji wakiwa wameketi kando ya simu zao. Mwaka 1999 ikaja kompyuta, inayooanisha machaguo ya mwombaji na ya kituo kwa utaratibu kama ule wa madaktari. Mashine ilileta haki katika kugawa, lakini haikuongeza chakula chunguni. Mwaka 2012 waombaji zaidi ya 4,000 waliwania nafasi 3,200 hivi. Mamia waliokosa walikuwa wamemaliza kila kitu isipokuwa mwaka huo mmoja, huku riba ya mikopo ikipanda. Chama chao kilitenga hadi dola milioni 3 kusaidia kufungua nafasi mpya, na kufikia mwisho wa muongo nafasi zilikuwa zimewapita waombaji.

Na yapo malalamiko ambayo kompyuta haiyagusi. Mtarajali wa kituo cha chuo huja Agosti na kuondoka Julai. Hupokea wanaoingia kwa dharura, huendesha vikundi, hubeba wateja wengi kwa posho ndogo, na kituo kikimzoea hukosa sababu ya kuajiri mtu wa kudumu. Mwanafunzi mwenye jeraha la miaka mingi huweza kulisimulia upya kila mwaka kwa mgeni mwingine. Wanaotuletea mfumo huu kama mfano wa kuigwa hawana budi kutuletea na habari hii.

Kwetu, Kenya ilipitisha sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia mwaka 2014, na hiyo ni hatua. Lakini sheria haitengenezi wasimamizi, wala haiwalipi watarajali. Mwaka 2024 madaktari wa Kenya waligoma karibu miezi miwili, na moja ya hoja zao kuu ilikuwa malipo ya watarajali wa udaktari, yaani watu ambao hakuna anayebishana kuhusu umuhimu wao. Mwanasaikolojia mtarajali atakapofika kuomba fungu, atasimama nyuma yao kwenye foleni.

Kwa sasa, katika vyuo vyetu vingi, kazi yote hii imo ndani ya ofisi ya mshauri wa wanafunzi, ofisi ileile ya malazi, mikopo, nidhamu na barua za ruhusa. Anayekwenda kusema kwamba hataki kuishi tena hupanga mstari mmoja na anayefuatilia kitanda bwenini, na anayempokea ndiye huenda akaketi naye kesho katika kikao cha nidhamu.