Kabla ya Pete Kulikuwa na Barua

Oktoba 2010, Mwanamfalme William wa Uingereza alizunguka Kenya kwa wiki tatu hivi akiwa na pete ndani ya begi la mgongoni. Begi hilo hakuthubutu kuliacha mbali naye, maana pete ilikuwa ya marehemu mama yake, Diana: yakuti samawi iliyozungushiwa almasi ndogo ndogo. Siku ilipofika, huko Rutundu kwenye miteremko ya Mlima Kenya, akaitoa na kumwomba Kate Middleton awe mkewe. Baadaye, akihojiwa kwenye televisheni, alieleza jambo ambalo wazee wa kwetu wangelicheka kwanza, kisha wangelikemea. Alikuwa amefikiria kumwendea baba wa binti kabla, akaogopa mzee asije akakataa. Akaona heri aanze na binti, ili mzee akose la kusema.

Pwani ya Waswahili mpango ulikwenda kinyume kabisa. Mwenye kuoa ndiye aliyekuwa wa mwisho kuonekana. Aliyetangulia ni mshenga, mtu mzima mwenye ulimi wa kupima, na mkononi alichukua barua. Barua ilikuwa ndani ya bahasha, pamoja na fedha kidogo. Bahasha imeviringishwa katika leso mpya, na leso imewekwa juu ya sahani. Mshenga hakusema amekuja kuposa. Alisema wamepita njia, wakaona ua zuri katika bustani ya nyumba hii, wakapenda kujua kama lina mwenyewe. Wenyeji nao, ambao walikwishajua tangu juzi nani anakuja na kwa ajili ya nani, walijifanya hawajaelewa. Barua ilipokewa na wageni wakaambiwa wasubiri majibu. Mzee aliyejiheshimu hakujibu siku ileile, asije akaonekana ana haraka ya kumtoa mwanawe.

Na binti? Alikuwa ndani, anaulizwa na bibi yake au shangazi yake. Akinyamaza, kimya chake kilihesabiwa kuwa ndiyo. Hapo ndipo ninapoona ufa wa utaratibu ule mzuri, kwa sababu kimya cha msichana wa miaka kumi na mitano kinaweza kuwa haya, na kinaweza pia kuwa hofu.

Posa ikikubaliwa, kila mtu alikuwa na haki yake. Baba alipewa kilemba. Mama alipewa mkaja, yaani nguo ile ya kujifunga tumboni baada ya kuzaa, kama kumwambia kwamba uchungu wake haujasahauliwa. Mambo ya posa na harusi yamo katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903, na aliyeandika sehemu yake kubwa ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyekwenda kufundisha Kiswahili Berlin. Mtoro mwenyewe alioa hukohuko, akamwoa Mjerumani, Bertha Hilske. Mwaka 1905 wawili hao waliposafiri kuja nyumbani, wakuu wa koloni la Wajerumani walikataa kuwaruhusu kushuka pamoja. Mjuzi wa posa akakutana na mkwe ambaye hakuna mshenga angemweza.

Pete iliingia kutoka upande mwingine. Warumi walimpelekea mchumba pete ya chuma, isiyo na jiwe. Almasi ilikuja polepole na kwa wakubwa tu: mfano unaotajwa sana ni wa mwaka 1477, Maximilian wa Austria alipomposa Mary wa Burgundy. Kwa karne nyingi almasi ilikuwa adimu, ikitoka India na baadaye Brazili. Ndipo mwaka 1867 mawe yakaanza kuokotwa Afrika Kusini, Kimberley ikachimbwa shimo la kutisha, na kufikia mwaka 1888 Cecil Rhodes alikuwa ameyaunganisha machimbo chini ya kampuni moja, De Beers. Tatizo la De Beers likawa kwamba almasi imekuwa nyingi. Dawa yake ilikuwa kuficha nyingine na kuwafanya watu waitamani iliyobaki.

Mwaka 1938 kampuni hiyo ilikwenda New York kwa watu wa matangazo wa N. W. Ayer. Huko ndiko ulikopangwa mpango mkubwa wa uchumba kuliko wowote ninaoujua. Wamarekani walikuwa wakivishana pete za almasi tayari, lakini mauzo yalishuka na mawe yalikuwa madogo. Ayer wakaanza kuhubiri kwamba ukubwa wa jiwe ndio ukubwa wa mapenzi. Mwaka 1947 mwandishi wao wa matangazo, Frances Gerety, alitunga kauli fupi inayosema almasi ni ya milele. Kauli hiyo ingali inatumika. Gerety hakuolewa maisha yake yote. Japani, ambako mwaka 1967 hawakufika hata watano katika kila mabibi harusi mia waliovishwa almasi, kufikia mwaka 1981 walikuwa karibu sitini. Hiyo ni miaka kumi na minne tu, na leo Wajapani wengi wataona ni jambo la kawaida.

Mwaka uleule wa 1947, hapa kwetu Shinyanga, kulitokea jambo. Mjiolojia kutoka Kanada, John Williamson, alikuwa amegundua almasi Mwadui mwaka 1940. Oktoba 1947 mgodi wake ukatoa jiwe la waridi la karati 54.5. Binti mfalme Elizabeth wa Uingereza alikuwa ameshachumbiwa na Philip, harusi ni Novemba, na Williamson akampelekea jiwe hilo kuwa zawadi. Lilipochongwa London lilibaki karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakalipachika katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Lakini pete ya uchumba ya Elizabeth haikutoka Mwadui wala dukani. Philip, aliyekuwa mwanajeshi wa majini asiye na fedha nyingi, alitumia mawe yaliyobanduliwa kwenye taji dogo la mama yake. Williamson naye alikufa mwaka 1958 bila kuoa, na warithi wake wakauza mgodi kwa De Beers na serikali ya Tanganyika.

Hapo Usukumani, anayepiga goti ni mwanamke, anapoamkia wakubwa. Kwa hiyo mabibi wanaoona video za vijana wa kiume waliopiga goti ufukweni huuliza kijana amekosa nini. Siku hizi mpango ni wa marafiki: mmoja anampeleka binti saluni atengeneze kucha bila kumwambia sababu, mwingine yuko nyuma ya mnazi na kamera. Nimehudhuria moja. Binti alisema ndiyo mbele ya meza kumi na mbili za watu wasiomjua, na sidhani kama pale palikuwa na nafasi ya kusema lingine. Kimya cha zamani kimegeuka makofi.

Hata hivyo, kuvishwa pete bado si kuposwa. Wiki chache baadaye mshenga hutafutwa, leso hununuliwa, na barua hupelekwa kana kwamba ufukweni hakukutokea kitu. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inatambua ahadi yenyewe: kifungu cha 69 kinamruhusu aliyevunjiwa ahadi ya ndoa kudai fidia, na cha 71 kinamruhusu mtu kudai zawadi aliyoitoa kwa sharti kwamba ndoa itafungwa. Kwa hiyo, kijana, kabla ya kumlipa mpiga picha, mwulize binti mkiwa wawili tu. Na risiti ya pete uitunze.